Mto Usio na Chanzo

Kwetu Siyu tuna mto, lakini usiujie na ndoo.
Mara mbili kwa siku bahari huuingia,
hupenya mikokoni, huitazama ngome,
kisha huondoka bila kuaga,
ikatuachia tope na mashua zilizolala ubavu.
Hautoki mlimani. Utoke mlima gani?
Panda juu ya paa la msikiti uangalie Pate nzima:
hakuna kilima kinachomzidi mnazi.

Darasani nilichora mito kama tulivyofundishwa:
chanzo, mkondo, mlango, na mishale ya buluu.
Tana niliuchora bara, mnene kama chatu aliyeshiba.
Kisiwa nikakiacha cheupe.
Mwalimu Shekuwe akakigusa kwa ncha ya kalamu:
"Na wenu?"
Sikujua kama ananicheka.

Mwaka ule kisima cha Bi Somoe kiligeuka chumvi,
hata mbuzi wakanusa beseni wakaondoka.
Akaitwa Kupi Famau, fundi wa viatu vya ngozi
na, ukame ukizidi, mchimbaji.
Pima ya kwanza, mchanga.
Ya pili, matumbawe mafu, yana vitundu vitundu
kama mkate wa kumimina.
Ya tatu, matumbawe. Ya nne akanyamaza.
Kamba ikatikisika. Tukavuta.
Ndoo haikuwa na maji.
Ilikuwa na kokoto.

Za mviringo. Laini. Rangi ya ini,
nyingine nyeupe kama meno ya utotoni.
Jiwe la kwetu hukwaruza; uliza magoti yangu.
Hizi zilikuwa zimesuguliwa njia nzima,
zikiteremka, zikigongana, zikiombana radhi,
kutoka mahali penye baridi ambapo sijafika.

Na kati yake jino,
limepinda, zito, rangi ya chai ya maziwa.
La jini, wakasema watoto. La nguva, akasema Kupi.
Mwalimu Shekuwe akalipima kwa rula,
akaligeuza, akalipima tena.
"Kiboko," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

Kiboko, Siyu!
Alikunywa maji baridi akapiga miayo
hapa hapa Bi Somoe anapoanika ukindu.

Basi usiku ule, kitandani, nikairudisha bahari nyuma.
Nikaisukuma kupita Kiwayu, kupita miamba ya nje,
nikaiacha huko chini, ndogo, inanung'unika.
Kisiwa kikaacha kuwa kisiwa.
Mto ukaja, mwekundu, haujapewa jina,
ukilala huku miaka elfu, ukihamia kule,
na nyasi, na nyati, na hakuna mtu
wa kusema "huku" wala "kule".
Kisha bahari ikarudi kama mgeni:
leo mlangoni, kesho mkekani,
kesho kutwa imeshika mwiko wa jungu,
na hapakuwa na mwenyeji wa kuipa jembe.

Nikageuza mto wangu, upande wa baridi ukaja juu,
ndipo nikashtuka:
neno ni lile lile.
Mto ni pale maji yanapopita.
Mto ni pale kichwa kinapolala.
Nani aliyatia yote mawili katika kinywa kimoja,
naye hakuwahi kuchimba pima nne?

Kupi alichimba mpaka ya tano.
Yakaja maji, machache, yana rangi ya kutu.
Bi Somoe akayaonja, akayazungusha mdomoni,
akatema kidogo, akameza kidogo.
"Mai haya yana chumvi," akasema.
Akaonja tena.
"Lakini si ya bahari hii."

Jino liko ofisini kwa mwalimu mkuu,
linazuia makaratasi yasipeperuke.
Mtihani wa mwisho nilichora Pate,
nikapitisha kati yake mstari wa vitone vya buluu.
Mwalimu Shekuwe hakuweka vema, hakuweka kosa.
Mahali pa chanzo nilipoacha wazi
aliandika, kwa penseli, "Endelea".