Leo, Hapana

Watu huniuliza kazi yangu ni nini,
nami hujibu: karatasi.
Karatasi, simu, na kujua ni mlango upi
usio na ngazi.
Sindano sizishiki. Sindano ni za Daktari Toews,
huzipanga juu ya taulo kama mtu anayeandika meza.
Mimi ni mshenga tu:
napeleka neno, narudisha neno,
na shughuli si yangu.

Kilomita tisini na mbili kutoka Yorkton,
Februari, digrii thelathini chini ya sifuri,
theluji inakata barabara kama moshi uliopotea nyumba.
Orest Hrycak, miaka sabini na moja,
mwenye ngano na ng'ombe kumi na wanane,
amebakiwa na macho.
Ugonjwa ulianzia kwenye vifungo vya shati,
ukala mikono, ukala ulimi,
ukayaacha macho
kama mwizi aliyesahau kuzima taa.

Macho juu: ndiyo.
Macho chini: hapana.
Mengine yote yamo kwenye ubao wa herufi
ambao Darlene, mkewe, ameushika mbele ya uso wake
hata viwiko vikaota sugu.

Nilikuja mara nne kabla ya siku yenyewe.
Ya kwanza nilieleza sheria; paka akalala juu ya fomu.
Ya pili nilileta shahidi, mwalimu mstaafu
asiyerithi kitu katika nyumba hii.
Alitia sahihi, akaomba chai, hakuinywa.
Ya tatu binti yao alipiga simu kutoka Halifax:
"Kwa hiyo wewe ndiye unayemuua baba."
Sikujitetea. Nilimwambia ndege itatua saa ngapi,
nani atampokea,
na kwamba mkono wa baba utabaki na joto,
ataweza kuushika.
Akanyamaza. Akauliza, joto kwa muda gani?
Hilo nalo ni kazi yangu, kulijua.
Ya nne sikuwa na sababu.
Tulitazama mpira wa magongo. Timu yake ilifungwa sita.

Kisha Jumanne, saa nne asubuhi.
Daktari alipiga magoti ili macho yalingane.
"Orest, unajua nimekuja kufanya nini?"
Juu.
"Bado unataka?"

Macho yalikaa katikati.
Jokofu likanguruma, likakoma.
Yakashuka.

Darlene akauchukua ubao. Herufi moja, nyingine.
M. T. A.
"Mtamba!" akapiga kelele, akicheka na kulia.
Yule mwekundu, mimba ya kwanza,
alikuwa na uchungu zizini tangu alfajiri,
na Orest peke yake alimsikia,
sisi tukiwa tunasikiliza pumzi za Orest.

Daktari alizirudisha sindano sandukuni
bila kukunja uso.
Binti alivaa buti za baba yake.
Mimi nilishika tochi; hakuna fomu ya kushika tochi.
Saa nane ndama akatoka, amelowa, ana hasira,
tukamwingiza jikoni ndani ya blanketi
asigandishwe masikio,
na macho ya Orest yakapanda juu
bila kuulizwa lolote.

Njiani nilimuuliza daktari kama amechoka.
Alisema: siku nikikasirishwa na hapana,
ninyang'anye funguo za gari.

Siku kumi na moja baadaye, simu.
Njia ile ile, magoti yale yale, swali lile lile
kana kwamba halijawahi kuulizwa.
Macho yalipanda kabla sentensi haijaisha.

Yaliyofuata ni ya chumba kile.

Nilipoondoka, kiti cha pembeni kilikuwa na chupa,
bitiruti za siki, Darlene amenilazimisha.
"Chupa naitaka," alisema, akafunga mlango wa gari.
Kwenye ripoti pana nafasi ya ziara baada ya msiba,
sababu ya ziara.
Niliandika: kurudisha chupa.