Msumari wa Pete

Karakana ya sonara Ndeshukurwa iko Kaloleni,
nyuma ya fundi viatu, mlango wa kijani uliochubuka.
Ukiingia, kabla hujamaliza salamu,
macho yatakwenda kwenye msumari ulio juu ya swichi.
Hapo ndipo anapoitundika pete yake ya ndoa
kila asubuhi, kama mwenye adabu avuavyo viatu barazani.

Wateja huuliza. Yule wa Njiro, mwenye gari jeupe,
hakuzunguka: "Mama, kwani wewe huna mume?"
"Ninaye," akajibu, bila kuinua tupa.
"Na vidole kumi ninavyo. Nataka vyote vizeeke pamoja."

Nilikuja kwake Januari, natokea Usa River,
nikidhani kazi ni dhahabu.
Miezi miwili sikuigusa.
Alinipa kipande cha shaba
na msumeno wenye uzi mwembamba kama unywele,
akasema nikate mstari ulionyooka.
Siku ya kwanza nilikatikiwa nyuzi kumi na tisa.
"Usiusukume. Ubembeleze.
Meno yanaijua njia, mkono wako ndio mgeni."

Nikajifunza: tupa hula ikienda, haili ikirudi.
Fedha ukiipiga sana nyundo hugeuka kaidi,
ipe moto, itasikia tena.
Lehemu haifuati mkono wako, hufuata joto,
basi pasha chombo kizima, usiukodolee ufa.
Na tanzanaiti, jamani, ikae mbali na mwali:
nyumba ijengwe kwanza, ipoe,
ndipo jiwe likaribishwe.

La tindikali alinikaririsha kama hesabu ya darasa la pili,
dirisha wazi, hata Julai
baridi ya Meru iking'ata masikio:

*Maji kwanza yaingie, tindikali ifuate;
ukigeuza, ulie, macho usiyatafute.*

Kufika Agosti nilikwisha jiona fundi.
Mkufu ulikuwa wa bibi harusi wa Sakina,
harusi Jumamosi, na siku yenyewe Alhamisi,
umeme ndiyo kwanza umerudi.
Mkufu huviringishwa kwenye kibao, ukashika kibao.
Nilijua. Lakini kibao kilikuwa ng'ambo ya benchi
na mashine ya kung'arisha ilikwisha anza kunguruma.
Nikauviringisha kidoleni.
Mara moja tu, nikajiambia.

Brashi haikuuliza.
Iliuvuta mkufu, mkono wangu ukafuata,
bangili ya shaba ya mama ikagonga chuma,
halafu kimya.
Ndeshukurwa alikuwa ameng'oa plagi ukutani
kwa teke.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alikiosha kidole kwa maji ya birika, akakifunga kitambaa,
akamimina chai yenye tangawizi ya kuwasha koo,
akangoja nimalize kutetemeka.
Kisha akaniwekea mbele kile kirundo cha fedha iliyosokotana.
"Nyoosha. Pingili moja moja."

Nilinyoosha mpaka fundi viatu akafunga,
mpaka muuza mahindi naye akazima jiko lake.
Chenga zilizoangukia ngozi iliyotandwa chini ya benchi
tulizifagia kwa unyoya wa kuku, zikaingia kopo la maziwa.
Hapa hata kosa hupimwa kwa gramu,
halitupwi.

Bibi harusi alipata mkufu wake. Alisema unang'aa.
Hakuiona pingili moja, jirani na kifungo,
iliyobaki na ukaidi wake.

Jumatatu nilipofika, juu ya swichi
palikuwa na msumari wa pili,
mpya, umepigiliwa chini kidogo ya ule wa kwanza.
Ndeshukurwa alikuwa akitafuta miwani yake
nayo kaivaa.
Nikavua bangili ya mama.
Ilining'inia, ikayumba, ikaigusa pete,
ikalia kidogo kama kijiko ndani ya kikombe.

"Kibao kiko wapi?" akauliza.
Nikamwonyesha. Kilikuwa mkononi.
"Haya. Washa."