Pini Mbili Mfukoni

Hapa vumbi linapokutana na lami,
kwenye vyuma vya kuzuia ng'ombe wasivuke,
simamisha.
Zima injini. Usinitazame hivyo, Colby.
Najua ni maili kumi na moja tu hadi nyumbani,
najua mama yako ameshapakua viazi.
Toa pini mfukoni.

Asubuhi, kule juu, sikukubishia.
Mimi mwenyewe, shangazi yako, nilikushikia spana,
nikakutazama ukikifungua kile chuma
kama mtu amvuaye farasi hatamu,
na gari likashusha pumzi.
Tairi la kushoto likapanda jabali jekundu
hadi likalingana na kifua changu,
la kulia likazama shimoni likigusa mchanga,
na ndani tumekaa wima, chai haikumwagika.
Kila tairi na hamsini zake!
Lilikuwa jambo zuri, na anayelikana
hajawahi kuukwea mwamba wa Utah
akiwa na gurudumu moja linalokanyaga hewa.

Lakini lami ni mji mwingine.

Babu yako Verl aliiita stabilaiza "mmbea".
Kazi yake, alisema, ni kupeleka habari
toka gurudumu hili hadi lile:
mwenzio amebonyea, bonyea nawe kidogo;
mwenzio ameelemewa, usijifanye hujui.
Fito tu ya chuma, nene kama kidole gumba,
iliyopinda, imeliwa na kutu pembeni.
Mwambani umbea wake unaudhi.
Konani, kwa mwendo wa maili sitini,
ndio unaokurudisha kwa watoto wako.

Oktoba ile ulikuwa na miaka miwili.
Babako Thayne alikuwa na haraka kama yako,
na kofia hiyo hiyo.
Tuliifunga fito juu kwa kamba ya viatu,
tukasema tutaichomeka nyumbani, penye taa.
Mimi ndiye niliyesema. Andika hilo.
"Maili kumi na moja tu, Thayne."

Kulungu jike alitoka kwenye mierezi
akasimama katikati, masikio wazi,
kama mtu aliyesahau alichokuja kununua.
Thayne akakata usukani kulia, akaurudisha kushoto.
Gari lilikawia kumjibu,
kisha likamjibu mara mbili.
Niliuona mstari wa njano ukiacha kulala,
ukisimama dirishani mwangu kama uzi wa fundi cherehani.
Halafu nyota zikawa chini ya miguu yetu,
na vikombe, na jeki, na mfuko wa karanga,
vyote vikitafuta mahali pa kukaa.

Unamwona babako kila siku, kwa hiyo unajua hakufa.
Unajua pia kwamba taa za Krismasi
hunitaka mimi nipande ngazi,
maana mkono wake wa kushoto unaishia begani.
Usilolijua ni hili:
hospitalini, muuguzi alipolikata shati lake kwa mkasi,
pini mbili zilidondoka sakafuni.
Kling. Kling.
Safi kabisa. Hazikuwa hata na mkwaruzo.
Muuguzi akaziokota, akaniuliza, "Hizi ni za nini?"
Miaka kumi na saba, sijampa jibu.

Basi tandika kadibodi, ulale chini.
Mwache wa lori apige honi, ana safari yake.
Waache wale wenye gari jipya wacheke,
wao wana kitufe, hubonyeza tu, heri yao.
Sisi tuna magoti.
Shusha fito. Linganisha tundu na tundu.
Isipokubali, nitalitikisa gari kwa nyonga,
ndiyo sababu Mungu alinipa hizi.

Viazi vikipoa vinalika.

Sukuma.
Haya, ya kwanza nimeisikia ikiingia.
Bado moja.