Shibiri Mbili

Mlango wa injini ulikatwa kwa kipimo cha Baldomero
alipokuwa na miaka thelathini, mwembamba kama mpini wa kasia.
Sasa ana sitini na mbili na tumbo la viazi,
basi naingia mimi,
kichwa kwanza, mkono mmoja mbele, mwingine umebanwa ubavuni,
kama barua nene inayosukumwa chini ya mlango.

Nje, Dalcahue inalowa. Hiyo si habari.
Julai huku mvua hainyeshi, inaishi nasi,
ina kiti chake karibu na jiko.

Asubuhi, tukiwa na magunia arobaini ya kome,
mshale wa joto ulipanda, king'ora kikalia,
na nyuma, mahali pa maji, bomba likakohoa mvuke mkavu.
"Pampu," alisema mjomba, akazima.
Akina Colivoro walituvuta hadi gatini
bila kutucheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Pampu imefungwa upande usioonekana.
Aliyeichora injini hii alikuwa na meza pana,
kahawa, dirisha.
Hakuwa na kiwiko.

Spana inapata nafasi ya kugeuka kiasi cha ukucha:
nageuza, natoa, narudisha,
nageuza, natoa.
Bolti ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ina kutu, naisemesha
kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa.
Ya nne inaniponyoka,
ting, kwenye mbavu za mashua, ting,
kisha majimaji meusi yanaimeza.

"Nini hiyo, Rosalba?"
"Hakuna kitu."

Gurudumu la mpira lilikuwa na mbawa sita.
Limetoka na moja.
Mbawa hazipotei, husafiri:
hufuata maji, hukwama kwenye kona ya paipu
na kungoja kuua mashine siku nyingine.
"Zitoe zote," yasema mabuti ya mjomba,
maana kutoka hapa ndiyo ninayoyaona.
"Mimi mwaka juzi, karibu na Quehui, katikati ya tufani,
usiku, nilizitoa zote kwa koleo na meno."

Tunaijua hadithi hiyo.
Huchinjwa nguruwe, huletwa hadithi hiyo.
Tufani huongezeka kila mwaka.

Natia kidole kwenye paipu. Macho nimefumba,
hayana kazi humu.
Moja. Mbili, imejikunja kama sikio.
Tatu na nne zimeshikamana.
Tano.
Ningeweza kutoka sasa, shingo inaniwaka,
lakini kidole kimegusa kitu kingine
na kidole hakijui adabu.
Sita.
Saba.
Hizi mbili za mwisho ngumu, zimepauka,
kama kucha za miguu ya mzee.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Hii nimeipima: shibiri mbili,
toka pampu hadi kona.

Mabuti yanasogea. Moja linakanyaga jingine.
"Umepata ngapi?"
Mvua inapiga sitaha kwa vidole vyake vyote.
"Tano," nasema,
na mbili zinaingia mfukoni, pamoja na leso na njugu.

Gurudumu jipya nimelipaka sabuni ya vyombo,
nimekunja mbawa zote upande mmoja,
nimelisukuma hadi likakaa. Kifuniko.
Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Nikanyamaza.

Ndipo mkono wa Baldomero ukateremka mlangoni,
mkono tu, mpana, wenye kovu la kamba,
ukafunguka karibu na uso wangu:
bolti moja, mpya, yenye grisi,
ya saizi ileile.

Hakuuliza. Nami sikushukuru.

Injini ilikohoa mara mbili, kisha nyuma
maji yakaanza kutema, tema, tema,
na mtu fulani akapiga kelele kwamba kome wanakufa,
tushushe magunia, tumekaa sana.