Dhiraa ya Nangobi

Nyumba tuliyonunua Jinja imenizidi umri.
Matofali yake yalichomwa kwa kuni, hakuna mawili ya rangi moja,
na sakafu ni saruji nyekundu yenye ufa
utokao mlangoni hadi chini ya dirisha,
kama mtu aliyekumbuka kitu nje
akakifuata bila kuaga.

Mimi nilitaka zulia.
Naungama mapema, nisije nikaonekana mwerevu.
Zulia la manyoya, la duka la Barabara Kuu,
lenye maua ambayo hayajawahi kuota popote,
lizibe ufa, nisiulizwe.
Muuzaji alilipapasa kama amtulizaye ng'ombe:
"Kizuri chajiuza, mama."
Tenywa akamjibu: "Basi mbona wewe unakipigia debe?"
Tukatoka. Nilinuna hadi kwenye reli.

Walukuba, fundi Ouma alikuwa amekalia
kiti kile kile alichokuwa akikiuza.
"Tafuta msumari," akasema, akainuka.
Nikakipindua, nikapapasa, nikainama hadi kitambaa kikanivuka kichwani:
ulimi wa mvule umezama tunduni mwake,
kigingi kimoja kimewafunga wawili,
basi.
Vanishi hakuna. Nta ya nyuki tu,
na alama ya randa ubavuni, pale mkono ulipochoka.
"Hiyo mbona hukuifuta?"
"Ningeifuta, ungejuaje kuwa nilikuwepo?"
Bei ilinitoa jasho. Nilishindana nayo, ikashinda.

Taa tuliivika gome la mtuba,
likawaka rangi ya chai ya rangi iliyokolea.
Mama mkwe akasimama mlangoni, mkono kifuani:
"Hilo ni vazi la maiti. Mnalitundika sebuleni?"
Hatukubishana. Tuliihamishia chumbani kwetu,
ambako yeye haingii.

Ukabaki mkeka.

Bi Nangobi wa Bugembe hasuki kwa futi.
"Dhiraa ngapi?" akauliza, na Tenywa,
mwenye mikono ya kuchumia mapapai bila ngazi,
akapiga magoti, akapima chumba kwa kiwiko na kidole:
kumi na mbili kwa nane.
Tukampelekea hesabu hiyo kama ujumbe wa posa.

Miezi miwili alianika ukindu, akauchana, akautia rangi,
ukili baada ya ukili, akaunganisha kwa sindano ya gunia.
Zambarau ilimwishia njiani.
Akaendelea na kijani, wala hakuomba radhi.

Siku tulipoukunjua
ulinuka mvua na moshi,
ukalala vizuri, ukanyooka,
ukakomea shubiri nne kabla ya mlango.
Na hapo kwenye shubiri nne
ufa wetu umekaa wazi, umekodoa.

Nilimpigia simu kwa sauti ya mteja.
Akaja mwenyewe, Jumapili, na begi la mkononi.
Alivua ndara pale pale palipopungua, juu ya ufa,
akakanyaga mkeka kwa nyayo zilizousuka,
akajilaza kiubavu, akapima kwa mkono wake mfupi,
akihesabu kwa Kisoga, polepole:
kumi na mbili. Nane.
Akanitazama kutoka sakafuni.
"Mkeka wangu haujapungua.
Ni chumba chenu kina mikono mirefu."

Akaahidi kuongeza ukili mmoja, mvua zikiisha.
Mvua ziliisha. Zimeanza tena.
Sijamkumbusha.

Kwa maana tangu siku ile
kila aingiaye huona ndara za mwenzake pale,
huvua zake, huzipanga kufuata ufa,
na wanangu wana mchezo wa kuviringisha vifuniko vya soda
kutoka mlangoni, mkondo wote wa ufa,
vikipita chini ya mkeka na kukwama. Kila mara hukwama.
Wao hushangaa kila mara.

Jana nilitaka pazia.
Sikuchukua futi.
Nilinyoosha mkono dirishani, kiwiko hadi kidole,
nikaanza kuhesabu, kisha nikasita:
sijui atakayeshona ana mkono wa urefu gani.