Shilingi Tano kwa Ukurasa

Washairi wote wa Kisumu hupitia kwa Bosibori.
Mashine yake iko Kibuye,
kati ya kinyozi na muuza spea za baiskeli,
nayo hunakili hata umeme ukiwa umechoka:
vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, ratiba za mazishi,
kisha sisi, utenzi umekunjwa mfukoni
kama hati ya deni.

Nilimpa shairi langu Ijumaa, nakala kumi na mbili,
kwa watu kumi na wawili wa Jumamosi
(mvua ikinyesha huwa saba, na mmoja wao ni bawabu).
Akasoma. Si kule kusoma kwa kutafuta ukurasa wa pili;
alisoma hasa, midomo ikicheza,
kidole kikigonga kioo, silabi kwa silabi,
akafika mahali, akarudi nyuma.
"Hapa umepungukiwa," akasema.
Nikadhani ni pesa.

Mstari wangu ulikuwa huu:
"Ziwa limevaa gugu, jiji lavaa joto."
"Nane, saba," akasema. "Tena jiji halina mwili.
Nani hasa anayetoka jasho?"
Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Nikamwambia mizani ni mambo ya zamani.
Akasema sawa, akabonyeza kitufe cha kijani.

Ghorofani, juu ya duka la misumari,
nilifungua bahasha mbele ya watu.
Alikuwa amefuta kwa wino mweupe
akaandika kwa mkono wake, na nakala zote zikafuata:
"Ziwa limevaa gugu, sisi tumevaa joto."
Nikausoma. Ningefanya nini?
Khasoa, nesi wa zamu ya usiku, asiyenisifu hata kwa bahati mbaya,
alisema "Eh!" kama aliyeguswa na barafu shingoni.
Obura akauandika kiganjani.
Nami nikainamisha kichwa kidogo
jinsi mwenye mali anavyoinamisha.

Wiki tatu nikawa nanakili Kondele.
Kijana wa huko huweka karatasi bila kuitazama.
Maneno yalitoka yalivyoingia,
na kila kosa langu lilirudi kwangu mara kumi na mbili, safi kabisa.

Nikarudi Kibuye. Hakuuliza nilikuwa wapi.
Alivuta katoni ya mafuta ya kupikia chini ya kaunta:
kurasa zilizokwama, zilizopinda, zilizotoka nusu nyeusi,
zimeshonwa kwa uzi wa gunia.
Humo nikaikuta riwaya ya Obura, ile aliyoapa iliungua,
sura ya tisa ikiwa na doa la wino;
barua ambazo Khasoa huwaandikia wagonjwa wasioweza kushika kalamu;
na mashairi ya Apondi, aliyehamia Eldoret akaacha kuandika,
au ndivyo tulivyosema, ili tusimpigie simu.
Miaka yote hiyo tumekuwa tukiiandikia kaunti
ituonee huruma, itupe hata rafu moja.
Rafu ilikuwa hapa, imeandikwa ubavuni
WEKA MBALI NA JUA.

"Na wewe, huandiki?"
"Mimi nasoma," akasema,
kama mtu anayetaja kazi yenye mshahara.
Nikamwalika Jumamosi. Akacheka.
Jumamosi watu wanazikwa, akasema,
na jina la marehemu likikosewa
nani atamfuata huko kumwomba radhi?

Basi tunakuja sisi. Tunasoma wima,
tukiwapisha wenye haraka,
tukinyamaza mashine inapovuta karatasi.
Jana alikuwapo kijana wa boda
aliyekuja kunakili leseni iliyokatika pembe.
Nakala yake ilikuwa tayari kitambo, naye bado kasimama.
"Hapo pa ziwa," akasema, "rudia."

Nikarudia. Kisha nikawaambia mstari ni wa nani.
Obura akatazama kiganja chake.
Bosibori hakuinua uso, alikuwa anahesabu karatasi.
"Kumi na mbili," akasema. "Sitini."
Nikalipa sitini.