Hesabu ya Oktoba

Mimi ni mhasibu. Kiwanda cha maziwa, Holstebro,
miaka kumi na tisa, na sijapoteza lita moja kwenye karatasi.
Nilipoanza daftari la kichwa cha Asger
nilichora safu mbili, kama nilivyozoea:
kinachoingia, kinachotoka.

Kinachoingia huingia saa nane usiku.
Jicho la kushoto tu. Linavuja,
ukope unalegea kama pazia lililokatika uzi,
pua ya upande uleule inachuruzika,
na mwanamume wa kilo tisini na sita
anaizunguka meza ya jikoni kwa magoti.
Usimguse. Usimwambie pole.
Mwaka wa kwanza nilimwambia pole
akaupiga mlango wa friji kwa paji la uso.
Kibonyeo kile hatujakinyoosha.

Daktari ana jina refu la ugonjwa huu.
Binti yetu Signe, akiwa na miaka minne, aliuita Yule.
"Yule amekuja. Baba yuko jikoni."

Kinachotoka: sindano. Kalamu fupi ya kijivu,
pajani, tiki, hesabu hadi kumi.
Dakika saba, na Yule anashuka ngazi.
Asger amekaa sakafuni, jasho tele, anacheka,
anaomba mkate mweusi na jibini.
Nani angenifanya niichukie kalamu ile?
Ningeibusu.

Lakini mimi ni mhasibu.
Mwaka juzi: shambulio moja kwa usiku, sindano moja.
Mwaka jana: mawili, mbili.
Mwaka huu, Oktoba tisa: matano,
na la sita likabisha hodi mkate ungali mdomoni.
Boksi limeandikwa mbili kwa siku, zisizidi.
Tulikuwa tumejifunza kutolisoma boksi.
Kila tulipomlipa Yule aondoke
alirudi mapema zaidi, kama mdai aliyegundua
kwamba nyumba hii ina fedha.
Kukopa harusi, niliandika pembeni kwa penseli,
kulipa —
sikumalizia.

Daktari Vestergaard alilitazama daftari kwa muda.
"Wapo wagonjwa wanaosema hivi. Wapo wasiosema.
Huenda dawa inayavuta mashambulio yakaribiane.
Huenda ugonjwa ulikuwa unapanda mlima wake
na sindano zikaufuata, kama mbwa nyuma ya bwana wake.
Kwenye karatasi, nani anamvuta nani?"
Sikulipenda swali lile. Lilikuwa langu:
ndilo ninalowauliza madereva wa malori kila mwisho wa mwezi.

Ukaja mtungi wa oksijeni, mrefu kuliko Signe,
na barakoa, na lita kumi na tano kwa dakika,
namba, angalau, niliyoielewa.
Siku kumi bila kalamu,
isipokuwa moja, ndani ya bati la biskuti,
kwa usiku wa kufa na kupona.
Usiku wa tatu aliniomba bati.
Nilikuwa nimelikalia.
Sitaandika alichoniita.

Jumapili ya mwisho saa zikarudishwa nyuma.
Denmark nzima ikalala saa moja zaidi.
Yule hakuarifiwa: alikuja saa saba,
yaani saa nane yake ya zamani,
mwaminifu kuliko treni.

Novemba mosi: matatu. Tarehe nne: moja.
Tarehe saba niliamka mwenyewe, saa saba kamili, nikasubiri.
Friji ilinguruma. Asger alikoroma.
Nikaandika sifuri.

Ni kwa sababu tuliiacha kalamu?
Au ni kwa kuwa msimu huisha tu, hata ile tuliyodunga bila kuhesabu?
Mwaka juzi uliisha tarehe sita. Nimeangalia.
Sifuri yangu haina safu,
nimeiweka juu ya mstari wenyewe, katikati,
jambo ambalo kazini ningemfokea mtu.

Asubuhi Asger ameuliza bati liko wapi.
"La nini?"
"Biskuti," amesema, jicho la kushoto kavu kabisa.
Nimempa.
Nimehesabu kwanza.